Visu vya kukunja vya bei nafuu: chumvi ya Mombasa ndiyo mtihani

Kisu cha kukunja cha bei nafuu hakifi makalini, hufia kiungoni. Makali yakiisha utanoa, yakiisha tena utanoa tena. Lakini pini ikilegea, bati la loki likilika au springi ikiliwa na kutu ndani ya mpini, umebaki na mtego wa vidole. Ndiyo maana sifa nyingi wanazotoa wenye visu hivi hazimsaidii mnunuzi. Mtu ananunua leo, anakata Taifa Leo katikati, kisu kinapita kama wembe, naye anamwaga sifa. Makali ya kiwandani hayasemi lolote, maana hata kipande cha bati ukikinoa kitakata gazeti siku ya kwanza. Wa kusikilizwa ni aliyekaa na kisu miezi sita, na awe amekaa nacho hapa hapa pwani. Kisu kilichomaliza miaka mitatu Nairobi bila doa bado hakijamjibu mtu wa Likoni.

Hewa ya Mombasa ina chumvi hata pale usipoiona bahari. Kusi likivuma, chembe za chumvi hutua juu ya kila chuma. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na kutu huanza bila tone la maji kudondoka. Mfukoni nako kuna jasho, ambalo ni maji ya chumvi vilevile. Bapa unaliona, unalifuta, mambo yanaisha. Ndani ya kiungo hakuonekani: kuna washa (vibati vya duara vinavyopunguza msuguano), pini, bati la loki, pengine gololi ndogo za chuma, na uchafu wa mfukoni unaoshika unyevu kama pamba. Kisu cha aina hii huanza kwa kuwa kizito kufunguka, kisha hukwaruza, kisha siku moja loki haishiki.

Kwa hiyo tathmini hii inaanzia kiungoni, bapa linafuata.

Visu vya mikokoteni na vibanda

Hivi ndivyo vinavyouzwa zaidi: kando ya Digo Road, Mwembe Tayari, Kongowea, na kwa wachuuzi wanaopita na boksi mkononi. Bei ni kati ya shilingi 300 na 800 kutegemea ulimi wako. Vingi ni vyeusi, vina springi ya kusaidia kufunguka, klipu ya mfukoni, kichongo cha kuvunjia kioo na kikato cha mkanda wa gari. Vingine vina tochi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: kadiri kisu cha bei hii kinavyobeba vikorokoro vingi, ndivyo pesa kidogo zilivyobaki kwa loki na bapa.

Kasoro zake zinafanana kiasi kwamba ukikijua kimoja umevijua vyote. Ya kwanza ni skrubu ya kiungo kulegea ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu haikutiwa gundi ya kushikia nyuzi zake na kila ufungukaji wa springi unaipiga kishindo. Bapa linaanza kucheza kushoto na kulia. Mwenyewe anakaza, na kwa kuwa kichwa cha skrubu ni cha chuma laini, mara ya tatu bisbisi inakizungusha bure. Hapo kisu kimekwisha, maana huwezi kukaza wala kufungua.

Ya pili ni bati la loki. Visu hivi karibu vyote vina loki ya bati: kipande chembamba cha chuma ndani ya mpini kinachoruka nyuma ya kisigino cha bapa kisu kinapofunguka. Bati jembamba mno, la milimita moja au chini yake, ambalo halikukomazwa kwa moto, hulika upesi. Kila siku linasogea kidogo kuelekea upande wa pili hadi linagusa ukuta wa mpini, na halina tena pa kusogea. Kuanzia hapo bapa linacheza juu na chini, na hakuna skrubu ya kutibu ugonjwa huo.

Ya tatu ni rangi nyeusi. Inabanduka kwenye makali na kwenye kisigino mapema sana, na chini yake kutu hutambaa bila kuonekana. Bora bapa la chuma kitupu unachokiona.

Ya nne haizungumzwi sana: unene. Bapa hukatwa kwenye chuma cha milimita 3 au zaidi, kisha huchongwa kidogo tu karibu na makali. Ukiligusa ni kali, lakini ukikata kitunguu kinapasuka badala ya kukatika, na embe bichi linakwama katikati. Watu husema kisu kimeisha makali kumbe tatizo ni mabega mapana, yaani unene ulio juu tu ya makali. Dawa yake ni kusugua pande zote mbili kwenye kinoo cha chenga kubwa cha 220 (namba ikipanda chenga hupungua) hadi mabega yapungue, kazi ya saa mbili au tatu. Kwa kisu cha shilingi 400 wachache wana subira hiyo.

Je, havifai kabisa? Vinafaa kwa mtu anayekata kamba, magunia na maboksi na asiyesikitika kikipotea. Lakini kwa maboksi peke yake, kikato cha wembe wa kusukuma hufanya kazi vizuri zaidi kwa bei ndogo, na wembe ukiisha unavunja kipande.

Maandishi kwenye bapa

Neno "Stainless" likiwa peke yake, bila namba, kwenye visu vya mkokoteni mara nyingi lina maana ya chuma laini cha daraja la chini. "Rostfrei" ni hilohilo kwa Kijerumani, na kuliandika hakuigeuzi Guangdong, jimbo la China vinakotoka visu vingi, kuwa Ujerumani. "Surgical" ni pambo la mwandishi wa boksi. "440" bila herufi, chukulia ni 440A, ambayo ni ya chini katika ukoo wake; yenye sifa ni 440C, yenye kaboni ya karibu asilimia 1.

Majina ya Kichina ni rahisi kuyasoma ukishapata ufunguo. Namba ya mbele ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, na namba baada ya Cr ni kromiamu kwa asilimia. Basi 3Cr13 ina kaboni takriban asilimia 0.3 na kromiamu 13. 5Cr15MoV ina 0.5 na 15. 8Cr13MoV ina 0.8 na 13. Kaboni hukaza makali, kromiamu huzuia kutu. Lakini vitu hivi viwili vinavutana: kaboni nyingi hunyakua sehemu ya kromiamu na kuifunga ndani ya chembe ngumu, ikabaki kidogo ya kulinda chuma. Kwa sababu hiyo 3Cr13, inayodharauliwa na wapenda visu, hustahimili chumvi kuliko 8Cr13MoV. Makali yake yanalala upesi, ila hayamenyeki vipande, na dakika tano za kinoo zinayarudisha. Kwa mtu anayekata chambo cha ngisi ufukweni kila alfajiri, huo ni mpango mzuri kuliko unavyosikika.

Jihadhari na D2 inayosifiwa sana mitandaoni. Ina kaboni asilimia 1.5 na kromiamu 12 hivi, inashika makali muda mrefu, lakini haihesabiwi kuwa chuma kisichoshika kutu. Bara ni kisu kizuri. Hapa huota madoa ya kahawia mfukoni ndani ya siku chache, na kukinoa kwa kinoo cha kawaida ni adhabu. Bora zaidi kwa pwani katika visu vya bei ya kati ni chuma cha Kiswidi 14C28N, ambacho kimeongezwa naitrojeni ili kukomaa bila kupoteza kinga ya kutu.

Muuzaji akikuletea sumaku akakuonyesha kwamba haishiki, eti ni ushahidi wa stenlesi halisi, mshukuru uondoke. Chuma cha kisu kinachokomazwa kwa moto hushika sumaku, kiwe cha kushika kutu au kisiwe. Kisichoshika ni cha familia ya vijiko na masufuria, hakikomai kwa moto, na makali yake hayatamaliza kuchuna changu mmoja.

Kuhusu mawimbi ya "Damascus", yaani chuma cha matabaka yaliyofuliwa pamoja, kwa shilingi 700: tazama mgongo wa bapa. Matabaka ya kweli yanapita kutoka ubavuni hadi mgongoni na kushuka ubavu wa pili. Kama mgongo ni mtupu, hayo ni maua yaliyochorwa kwa mwale wa leza.

Okapi

Kisu hiki kina historia ya Afrika kuliko vyote vinavyouzwa kwa bei hii. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni, na mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Mpini ni mti ulioshibishwa gundi, umepigiliwa nyota na mwezi mwandamo wa bati, na mgongoni pana kamani ndefu yenye pete. Ukikifungua kinalia krr-krr-krr, kwa kuwa kisigino cha bapa kina meno yanayopita chini ya kamani. Kukifunga, vuta pete, kamani inainuka, bapa linarudi.

Uzuri wake ni kwamba hakina hata skrubu moja. Pini ni riveti. Bapa likianza kucheza, lalisha kiungo juu ya chuma kizito, gonga kichwa cha riveti kwa nyundo ndogo mara mbili au tatu kwa wepesi, jaribu, gonga tena ikibidi. Ukizidisha bapa halifunguki. Basi lifungue na kulifunga mara nyingi kwa tone la mafuta mpaka lilegee. Fundi yeyote wa viatu anaweza kazi hii.

Ubaya wake ni ukweli mtupu: karibu kila Okapi kinacheza kidogo tangu kikiwa kipya, pete ni waya mwembamba unaojipinda, na bapa ni chuma cha kaboni kisicho na kinga. Kikate embe, kiache na maji yake usiku kucha, asubuhi kina kutu nyekundu. Loki yake pia isiaminiwe kwa kazi ya kusukuma ncha. Ni ya kukata kwa kuvuta tu. Ila makali yake yanapatikana kirahisi, ni membamba, na hukata mihogo ya kuchemsha, nyanya na kamba ya manila vizuri kuliko visu vyeusi vya bei maradufu.

Kutu ya chuma cha kaboni hupunguzwa kwa kukipaka rangi yake yenyewe. Safisha bapa kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, chemsha siki, lizamishe dakika 20 hadi 30, lioshe, lifute. Litatoka la kijivu cheusi. Rangi hiyo ni tabaka linalochelewesha kutu nyekundu, halizuii kabisa. Usizamishe kiungo wala kamani, maana siki ikinasa humo ndani itaendelea kula.

Opinel

Ufaransa, jimbo la Savoie, tangu 1890. Kinachozungumzwa zaidi ni namba 8, chenye bapa la sentimita 8.5. Kina vipande vitano tu: bapa, mpini wa mti, pini, kola, na pete ya kuzungusha iliyoongezwa mwaka 1955 ili kufunga bapa lisikunjike. Si rahisi kukikuta kibandani, wengi hukiagiza, na ukikiona kwa shilingi 500 angalia vizuri nembo yake ya mkono uliotawazwa taji kwenye bapa kabla hujafurahi.

Kwa kukata, hakuna cha kukilinganisha nacho katika bei yake. Mgongo hauzidi milimita 2 na ubavu unashuka taratibu hadi makalini. Kinamenya chungwa kwa uzi mmoja mrefu bila kukatika. Kinatengenezwa kwa aina mbili za chuma. Chenye neno "Carbone" kiachwe bara. Chenye "Inox" ni chuma cha Kiswidi 12C27, na hicho ndicho cha Mombasa.

Shida yake hapa ni mti. Unyevu wa pwani hufanya mpini uvimbe, mwanya unabana bapa, na kisu hakifunguki kwa kucha. Wenyewe huko Savoie hukigonga kitako cha mpini juu ya meza, bapa linachungulia nje, kisha hulivuta. Ni ujanja mzuri, lakini usiwe wa kila siku. Tiba ya kudumu: funga msasa wa 240 kwenye kipande chembamba cha plastiki ngumu, sugua kuta za ndani ya mwanya hasa karibu na kola, pumzika ujaribu, usiondoe zaidi ya unavyohitaji. Kisha yeyusha Vaseline kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji moto, zamisha upande wa kiungo dakika kumi, toa, acha idondoke, futa. Mti ukishashiba mafuta haunywi maji tena kwa pupa. Rudia msimu wa mvua za masika ukikaribia.

Wanaokilalamikia Opinel wengi wao ni wavuvi, na wana haki. Kisu kinacholowa kutwa hakifai kuwa na mpini wa mti mtupu.

Vya Kichina vyenye majina

Sanrenmu, Ganzo na Ruike hutoka Guangdong, jimbo lenye mji wa Yangjiang ambao kazi yake kubwa ni visu. Hapa ndipo neno "nafuu" linapofika mwisho, kwani ukiongeza usafirishaji bei hupita shilingi 3,000 kirahisi. Lakini tofauti na visu vya mkokoteni unaiona kabla hujafungua: bapa limekaa katikati, skrubu hazina makovu, na namba ya chuma imeandikwa.

Sanrenmu 7010 ni kidogo, mpini wote chuma, loki ni ubavu wa mpini wenyewe unaoruka nyuma ya kisigino. Ubavu huo ni mnene kuliko bati la visu vya bei rahisi, kwa hiyo hulika polepole sana. Kasoro: mikono yenye utelezi wa samaki hukishika kwa shida, na skrubu za klipu ni ndogo kama chembe ya mchele, zikidondoka hazionekani. Ziondoe siku ya kwanza, zipake rangi ya kucha kwenye nyuzi, zirudishe. Rangi ya kucha inashika vya kutosha na bado zitafunguka ukitaka.

Ganzo nyingi hutumia loki ya kijiti cha chuma kinachopita mpini kutoka upande hadi upande, kikisukumwa mbele na springi mbili za waya. Loki hii ni tamu: kidole hakipiti njia ya bapa wakati wa kufunga. Lakini waya wa springi ni mwembamba na umejificha, na chumvi huupenda. Ikikatika moja, kijiti kinaendelea kushika kwa udhaifu na mwenyewe hajui. Dalili ni kijiti kurudi polepole upande mmoja. Ukiiona, kisu kisikate chochote kigumu hadi springi zibadilishwe zote mbili. Mpini wa G10 (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi) haunywi maji wala hauvimbi, na katika hilo Ganzo anamshinda Opinel waziwazi.

Ruike hutumia 14C28N kwenye visu vyake vingi, na kwa bapa peke yake hapo ndipo pesa ilipo. Kwenye vile vyenye gololi kiungoni fikiria mara mbili. Gololi hufanya bapa liruke kama mafuta, watu wanapenda kuchezea, ila mchanga wa Bamburi ukiingia humo unasaga, na chumvi ikiingia gololi zinashika kutu kabla ya bapa. Chagua chenye washa za shaba. Hakitaruka kwa mbwembwe, kitafunguka kila siku.

Victorinox ndogo za Uswisi za bapa moja au mawili zinastahili mstari: chuma laini kiasi kisichosumbuliwa na kutu, hazina loki, zimepigiliwa riveti, hudumu. Ila bandia zake zimejaa. Halisi ikifunguka husimama kwa mlio mmoja mkavu, na mabapa yake hayaachi mwanga kupita kati ya springi na bati.

Dakika tano dukani

Kishike kikiwa kimefungwa na ukitazame kwa juu. Bapa liwe katikati ya mwanya. Likiegemea upande mmoja hadi kugusa, kiache. Kielekeze mwanya chini, kitikise. Bapa likichungulia, litafunguka mfukoni, na paja lako ndilo litakalojua.

Kifungue polepole, usitumie springi. Sikiliza mkwaruzo. Kisha tazama bati la loki lilipokaa nyuma ya kisigino: liwe limeingia robo hadi nusu ya unene wa kisigino hicho. Likiwa ukingoni kabisa litateleza; likiwa limefika upande wa pili kikiwa kipya, limeshazeeka kabla ya kuanza kazi.

Shika mpini kwa mkono mmoja na mgongo wa bapa kwa vidole viwili vya mkono wa pili. Sukuma kushoto, kulia. Kucheza kidogo huku kunatibika kwa skrubu. Sukuma juu, chini. Kucheza huku hakutibiki, hata muuzaji aape kwa jina la nani. Mwisho, weka mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vyote viwe nje ya njia ya makali, kandamiza kwa nguvu ya wastani. Loki ikiachia hapo, itaachia kazini.

Angalia skrubu. Za nyota zilizo safi ni dalili nzuri. Vichwa vyenye mikwaruzo katika kisu "kipya" maana yake kilishafunguliwa na mtu.

Muuzaji akikataa usifanye haya, vibanda ni vingi.

Kunoa, kuosha, na kubeba

Wanoaji wa mawe ya kuzungusha kwa baiskeli ni hodari kwa mapanga na visu vya jikoni, lakini kisu chembamba cha kukunja usiwape kikavu. Jiwe likizunguka bila maji, ukingo wa makali hupata moto kuliko mwili wa bapa. Ukiona rangi ya bluu makalini, ukomavu wa chuma pale umetoka, na sehemu hiyo itakuwa butu daima hadi isagwe yote iondoke. Mwombe achovye majini kila anapopitisha, ama nenda na kinoo chako.

Kinoo cha pande mbili, 400 na 1000, kinatosha kwa visu vyote vilivyotajwa. Kiloweshe. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, inua mgongo milimita 7 kutoka kwenye kinoo. Hiyo ni digrii 20 hivi. Sugua upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, upande wa pili, kijikunjo cha chuma chembamba kama uzi kimetokea urefu wote. Bila kijikunjo hicho hujafika makalini, hata usugue hadi magharibi. Geuza, fanya vivyo hivyo, hamia 1000, punguza nguvu, malizia kwa kuvuta kinyumenyume kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi mara ishirini. Kwa kugusia makali katikati ya wiki, tumia ule mduara usio na rangi chini ya kikombe cha kahawa cha kaure. Unakwaruza kwa upole na unafaa sana chuma laini.

Baada ya samaki, ndimu au embe, kisu kioshwe kwa maji matamu. Hili linasemwa kwa makusudi: maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na kukiosha kwa hayo ni kukiongezea chumvi ileile kiliyotoka nayo baharini. Tumia ya chupa au ya mvua, hata kikombe kimoja. Kifungue, kipulize kiungoni, kiache wazi kivulini kikauke, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, fungua na ufunge mara kumi, futa yanayotoka. Yakitoka meusi au ya kahawia, rudia hadi yatoke meupe. Usitumie mafuta ya kupikia ya alizeti wala mahindi, baada ya wiki chache huganda kama gundi na kushika mchanga. Bapa linalogusa chakula lipakwe mafuta ya nazi. Kwa joto la hapa kwa kawaida hayagandi, na hayana madhara.

Madafu na nazi si kazi ya kisu cha kukunja cha aina yoyote. Kuchokoa kidaka kwa ncha na kupindua ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuvunja ncha na kupinda pini kwa mara moja, na hakuna muuzaji atakayekurudishia pesa.

Kuhusu kukibeba: Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na katika mitaa iliyoteswa na vijana wa mapanga askari hawana muda wa kusikiliza maelezo marefu. Kisu kiwe ndani ya mfuko wa vifaa vya kazi, kimefungwa, pamoja na koleo au nyavu zinazoeleza kazi yako. Cheusi chenye springi kinazua maswali kuliko Opinel ya mpini wa mti, ingawa kinakata vibaya zaidi. Ukisafiri kwa treni kutoka Miritini, kiache nyumbani. Mizigo inapita kwenye mashine na kisu hakitapita nawe.

Bisbisi ya nyota za T6 na T8, zinazofungua karibu visu vyote vya Kichina, usizitafute kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Waulize mafundi wa simu, wao wanazo kwenye seti zao, na wengi watakukazia skrubu ya kiungo papo hapo kwa bei ya chai. Waambie wakaze hadi bapa liache kucheza, kisha warudishe nyuma kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko, na watie rangi ya kucha kabla ya kukaza, si baada.